Sukari ya chai ilibaki bluu, juisi ya chungwa ikafuta iodini

"Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha nne, nasoma Baiolojia na Kemia. Wiki iliyopita tulifanya majaribio ya chakula. Sukari ya kawaida, hii ya chai, niliichemsha na myeyusho wa Benedict, ule wa kupimia sukari, ikabaki bluu vilevile, lakini ndizi mbivu ilitoa rangi ya matofali. Wenzangu wanasema sukari ya dukani imechakachuliwa. Halafu nilidondoshea iodini, ile ya kupimia wanga, kwenye juisi ya chungwa, ile kahawia ikapotea kabisa, wala haikuwa bluu-nyeusi. Niliambiwa niandike 'hakuna wanga' niendelee. Hatua zote nimezikariri, za asidi na za baikaboneti, ila sijui kwa nini tunazifanya. Na nyumbani baba ana kisukari. Anasema ugali haachi kwa sababu ugali si sukari. Nilitaka nimpimie chakula chake kwa Benedict ili aone. Mwisho, ni kweli mboga ikipikwa vitamini zote zinakufa?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali matano, lakini mzizi wake ni mmoja: unadhani kemikali za maabara zinatambua chakula. Hazitambui. Benedict hajui utamu, na iodini haijui ugali. Kila kemikali inashika kipande fulani cha molekuli, basi. Kipande kikiwepo rangi inabadilika, kikiwa kimefungwa au hakipo, haibadiliki, hata chakula kiwe kitamu kama asali.

Tuanze na sukari ya chai. Haijachakachuliwa. Ingekuwa imegeuka rangi ya matofali ndipo ningepata shaka.

Bluu unayoiona kwenye chupa ya Benedict ni ya ioni za shaba, zile zenye chaji mbili chanya. Kila moja ikipata elektroni moja inabaki na chaji moja, na kwenye mazingira ya alikali yenye joto inatengeneza oksidi ya shaba yenye wekundu wa tofali la kuchoma, isiyoyeyuka, ndiyo ile inayotuama chini ya tyubu. Kijani, njano na chungwa unazoziona njiani ni mchanganyiko tu wa bluu iliyobaki na wekundu unaozaliwa. Kwa hiyo swali ambalo Benedict anauliza ni hili: kuna mtu humu wa kunipa elektroni?

Yupo: glukosi. Fomula yake ni C₆H₁₂O₆, na kwenye maji molekuli zake karibu zote zimejikunja pete. Ila pete hiyo hufunguka na kujifunga muda wote, na kila ikifunguka, kwenye kaboni namba moja linatokea kundi la aldehaidi. Aldehaidi hiyo ndiyo inayotoa elektroni. Wakati wowote ule zilizofunguka hazifiki hata moja kwa mia, lakini zikitumika nyingine zinafunguka, mpaka shaba iishe au sukari iishe. Fruktosi kwa asili ni ketoni, na ketoni za kawaida hazimpi Benedict kitu, ila ndani ya alikali hujipanga upya ikawa aldehaidi, nayo ikatoa. Ndizi mbivu ina glukosi na fruktosi nyingi. Umepata matofali yako kihalali.

Sukari ya chai ni sukrosi, C₁₂H₂₂O₁₁: glukosi moja na fruktosi moja zilizoungana. Zimeunganaje? Kila mmoja wao ana mkono mmoja tu wa kutolea elektroni, na wameshikana kwa mikono hiyohiyo. Kaboni namba moja ya glukosi imefungwa kwa kaboni namba mbili ya fruktosi. Hakuna pete inayoweza kufunguka tena, hakuna aldehaidi, hakuna elektroni ya kutoa. Maltosi nayo ina glukosi mbili, lakini zimeungana upande mmoja tu, mkono wa pili uko huru, ndiyo maana maltosi humgeuza Benedict na sukrosi hushindwa.

Sasa ile asidi uliyoikariri. Asidi ya haidrokloriki ikichemshwa na sukrosi husaidia maji kuuvunja ule mshiko, ukapata glukosi na fruktosi zikiwa huru. Kazi ya asidi inaishia hapo. Tatizo ni kwamba Benedict hafanyi kazi kwenye asidi. Ndani ya chupa yake mmewekwa kaboneti ya sodiamu makusudi ili awe alikali, na ukimmiminia asidi iliyobaki, hiyo kaboneti inaliwa, oksidi nyekundu haitulii, unaandika "hakuna sukari" kumbe sukari imejaa. Ndiyo sababu ya baikaboneti: kuua asidi kwanza.

Hapa wanafunzi wengi wanapoteza alama, na mimi mwenyewe nimewahi kuwapotezea. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilikuwa nakimbizana na kengele, nikawaambia watie baikaboneti "kidogo" wakachemshe. Nusu ya darasa walipata bluu, nusu matofali, kwa sukari ya mfuko mmoja. "Kidogo" haikutosha. Tia kwa ncha ya kijiko, usubiri povu lipande lishuke, tia tena, mpaka utie na lisipande. Ukitia kijiko kizima kwa pupa, povu litamwagika mezani pamoja na sukari yako. Na tyubu ikae ndani ya bika la maji yanayochemka, mdomo wake usimwelekee jirani. Ukiichemsha moja kwa moja juu ya moto inaruka kama mafuta ya sambusa.

Ndizi sasa, kwa sababu ukiielewa ndizi umeelewa na ugali wa baba. Ndizi mbichi ya kupika ina wanga kiasi cha moja ya tano ya uzito wake. Ikiiva kabisa unabaki asilimia 1 au 2, mwingine wote umekatwa kuwa sukari na vimeng'enya vya tunda lenyewe, yaani protini zake zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Hakuna aliyekuja kulitia sukari usiku. Wanga ni glukosi mamia hadi maelfu zilizofungwa mnyororo, na mnyororo huo umejipinda kama springi, glukosi kama sita kila mzunguko. Iodini inaingia katikati ya springi hiyo ikajipanga mstari, na iodini iliyobanwa namna hiyo ndiyo inayoonekana bluu-nyeusi. Ukitaka kuamini kwamba ni suala la umbo tu, pasha moto ile tyubu yenye bluu-nyeusi: springi inalegea, iodini inatoka, rangi inatoweka. Iache ipoe, rangi inarudi. Ndiyo maana kipimo cha wanga hakichemshwi.

Benedict ukimpa wanga anabaki bluu, kwa sababu mnyororo wa glukosi elfu moja una mkono huru mmoja tu mwishoni. Hapo ndipo mpango wako wa kumpimia baba unaponitia wasiwasi. Ungechukua ugali, ungetia Benedict, ungechemsha, ingebaki bluu au ibadilike kidogo sana. Baba angekuangalia angesema, "Nilikwambia." Jaribio lako lingemthibitishia kosa lake.

Badala yake mpe tonge moja, bila mboga, mwambie alitafune pole pole kwa dakika moja hivi asimeze. Litaanza kuwa na utamu. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga kuwa maltosi, na kazi hiyo inaendelea kwenye utumbo mdogo mpaka mnyororo wote unakuwa glukosi, ndipo inaingia kwenye damu. Ugali ni glukosi iliyofungwa mnyororo. Kwa maana ya ulimi baba yuko sahihi, kwa maana ya damu hayuko.

Lakini usikimbilie kumnyang'anya sahani. Kama anatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, halafu akaacha wanga ghafla huku dozi ni ileile, sukari inaweza kushuka mno, na hiyo ni hatari ya haraka kuliko kupanda. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuongea ovyo, na bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji chenye sukari kisha apelekwe kituo cha afya. Akiwa hana fahamu usimtilie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kiasi cha ugali chake kinapangwa na kliniki anakohudhuria, kwa kuangalia vipimo vya damu na dawa zake. Nenda naye siku ya kliniki kama atakubali, mkamuulize muuguzi kuhusu ukubwa wa tonge, mboga, na dona. Kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, kukonda, kidonda cha mguuni kisichofunga: hayo hayasubiri siku ya kliniki. Na mkojo wa baba usiupime shuleni. Zamani Benedict alitumika kweli kwa kazi hiyo, lakini kuna vitu vingine kwenye mkojo vinavyomgeuza rangi, kimojawapo nitakutajia sasa hivi.

Nimetaja dona. Watu wananiuliza kama dona ni dawa. Pumba iliyobaki ndani yake ina selulosi, na selulosi nayo ni glukosi tupu, sawasawa na wanga! Tofauti ni namna glukosi hizo zilivyopangwa. Kwenye wanga glukosi zote zimeelekea upande mmoja, kwenye selulosi kila moja imegeuzwa kichwa chini ukilinganisha na ya jirani yake. Mnyororo unanyooka badala ya kujipinda, minyororo inalala bega kwa bega, inakuwa ngumu kama uzi wa pamba, ambao kwa hakika ni selulosi. Kimeng'enya chetu kimezoea mpangilio wa kwanza, huu wa pili hakiwezi kuushika. Ng'ombe naye hawezi, ila amewafuga vijidudu tumboni wanaomfanyia kazi. Kwetu sisi selulosi inapita, inasaidia choo. Dona ni bora kuliko sembe, nakubali, lakini sehemu kubwa ya dona bado ni wanga uleule. Sahani ya mlima wa dona ni mlima.

Pumba na kiini cha mahindi vina kitu kingine tunachokipeleka kwa kuku: vitamini B1. Inachekesha, maana kuku ndio waliotufundisha habari zake. Miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa Batavia, Jakarta ya leo, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wanapooza miguu kama wagonjwa wa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, na wakipewa mchele wenye ganda lake wanapona. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929. B1 haina nguvu ndani yake, hakuna vitamini inayotoa nguvu, hata matangazo yaseme nini. Kazi yake ni kumsaidia kimeng'enya anayeipitisha glukosi iliyokwisha kukatwa kati, ili iendelee kuchomwa. Ukila wanga mwingi bila B1, kuni zipo, jiko limeziba.

Turudi kwenye chungwa lako, na hapa nataka nikupongeze, kwa sababu umeona kitu ambacho darasa zima huwa linakipita. Juisi ilifuta iodini kwa sababu ya vitamini C. Fomula yake ni C₆H₈O₆, na tabia yake kubwa ni kutoa elektroni. Iodini inazipokea, inakuwa ioni za iodidi, nazo hazina rangi. Molekuli moja kwa molekuli moja: gramu 176 za vitamini C zinamaliza gramu 254 za iodini. Umeshaisikia hadithi hii leo: ni biashara ileile ya glukosi na shaba, wateja ndio wamebadilika. Na kwa kuwa vitamini C inatoa elektroni kirahisi hivyo, inamgeuza Benedict pia. Matofali ya juisi ya chungwa ni ya sukari hasa, lakini si ya sukari peke yake. Na mtu aliyemeza vidonge vingi vya vitamini C anaitoa kwenye mkojo, ndicho kile kitu nilichokuahidi.

Kwa hiyo kuandika "hakuna wanga" pale ulipoandika ilikuwa mapema mno. Iodini ilikufa kabla ya kufika kwenye springi. Ulipaswa uendelee kudondoshea mpaka kahawia ibaki bila kupotea, ndipo uangalie: ikibaki kahawia, hakuna wanga, ikiwa bluu-nyeusi, upo. Kwenye mtihani wa vitendo andika ulichokiona kama kilivyo, rangi ya kahawia ilitoweka, kisha matone yalipoongezwa ikabaki. Msahihishaji hawezi kukunyima alama kwa kuona vizuri.

Unaweza kuligeuza kosa hilo kuwa kipimo, tena jikoni. Chemsha maji na chembe ya unga upate uji mwepesi kama maji ya mchele, uache upoe. Weka kijiko kimoja cha uji kwenye kila moja ya glasi tatu. Ya kwanza tia juisi ya chungwa iliyokamuliwa sasa hivi, ya pili maji ya ubuyu, ya tatu juisi ya chungwa iliyochemshwa robo saa ikapoa, kijiko kimojakimoja. Dondoshea iodini ya vidonda kutoka duka la dawa, tone kwa tone huku ukikoroga. Kila tone litatoa wingu la bluu litakalopotea. Hesabu matone mpaka bluu igome kuondoka. Aliyekula matone mengi ndiye mwenye vitamini C nyingi. Bluu isipogoma hata baada ya matone mengi, changanya kila juisi na maji kwa kipimo kilekile, kisha uanze upya.

Jina la kwanza la vitamini hii linaonyesha jinsi ilivyo karibu na sukari. Albert Szent-Györgyi, mkemia wa Hungaria aliyeitenga mwaka 1928, aliona inafanana na sukari lakini hakujua ni nini, akapendekeza jina la utani lenye maana ya "sukari nisiyoijua". Mhariri wa jarida akakataa utani. Kweli mimea huitengeneza kutokana na glukosi, na mbuzi hufanya hivyo kwenye ini lake, ndiyo maana hujawahi kusikia mbuzi ana kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Sisi tumekosa kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kimoja tu, basi inabidi tununue machungwa.

Na hili la vitamini "kufa". Hazina uhai, kwa hiyo hazifi. Zinaharibika, zinayeyuka, au zinabaki, na inategemea ni ipi. Vitamini C inayeyuka kwenye maji na inaharibiwa na joto, hewa, na zaidi ya yote alikali. Mchicha ukikatwakatwa ndipo uoshwe, ukachemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, umemwaga nyingi. Ukitiwa magadi ili ulainike haraka, mbaya zaidi, na B1 nayo haipatani na magadi. Osha kwanza, kata vipande vikubwa, maji kidogo, moto mfupi.

Vitamini A ni habari tofauti. Kwenye mchicha, papai, karoti na viazi lishe ipo kama karotini, mnyororo mrefu wa kaboni 40 usio na hata kundi moja la kushikana na maji. Haiyeyuki majini, inayeyuka kwenye mafuta, na imejificha ndani ya seli zenye ukuta wa selulosi, yuleyule adui asiyevunjika. Kupika kunalegeza ukuta, na mafuta yanaibeba karotini mpaka kwenye damu. Kwa hiyo mchicha wa nazi wa mama yako, ambao mtu wa "vitamini zinakufa" angeukataa, kwa upande wa vitamini A unaushinda mchicha mbichi. Upande wa C, kula pera baadaye: gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 200, chungwa lina kama 50.

Jambo la mwisho ni la usalama. Kipimo cha sukrosi kisifanyike nyumbani, kina asidi na moto, kiache maabara mwalimu wako akiwepo. Mweleze pia ulichokiona kwenye chungwa, mwonyeshe kwa matone mwenyewe. Na zile glasi tatu za jikoni ukimaliza kuhesabu mwaga zote, uzioshe kwa sabuni, usije mdogo wako akadhani ile ya ubuyu imebaki ya kunywa.